Ini Lenye Mafuta si Ushahidi wa Ulevi



Somo letu la leo si la tohara wala la mirathi. Ni somo la tumbo na ini, na juu ya hayo ni somo la ulimi. Huenda msomaji akatuuliza: Tangu lini masheikh wakawa matabibu? Twamjibu kuwa utabibu hatuudai, na lililo la tabibu tumemwachia tabibu. Lakini jambo hili lilianza kwa tabibu likaishia barazani. Na jambo likishafika barazani likaigusa heshima ya mtu, hilo huwa ni letu sote.

Tulisafiri kwenda Kegonga, mji mdogo ulioko Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wenyeji wake ni Wakuria, watu wa jembe na ng'ombe, ambao ndugu zao wengi wako ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Tarime. Waislamu wa huko ni wachache, na kwa uchache wao kila mmoja huijua khabari ya mwenziwe. Tulifikia nyumbani kwa ndugu yetu mmoja, asili yake mtu wa pwani, ambaye hufanya biashara ya nafaka.

Baada ya sala ya Alasiri mkewe alituuliza swali kutoka nyuma ya pazia, na mumewe yupo. Alisema: "Maalim, mimi tangu kuzaliwa kwangu sijatia ulevi kinywani. Daktari amenambia ini langu limejaa mafuta, na watu wamesema hilo ni ini la mlevi. Nifanye nini hata nisadikiwe?" Mumewe aliinamisha kichwa asiseme neno. Katika kule kunyamaza kwake tulifahamu kuwa na yeye shaka imemwingia.

Tukaulizia kisa chote. Dada yetu huyu ana miaka 48, na uzito wake wakati ule ulikuwa kilo 96. Kwa miezi mingi alikuwa akiona uchovu, na uzito chini ya mbavu za kulia. Alikwenda hospitali, akapigwa picha ya ultrasaundi, ikaonekana ini lina mafuta. Aliyemhudumia akamuuliza mbele ya watu kama hunywa pombe. Swali hilo kwa tabibu ni la haki, kwani ni lazima aulize. Lakini waliokuwa karibu walilisikia swali, jawabu wasilisikie. Khabari ikafika mjini kabla yake. Wako walioacha kula chakula chake. Wako waliosema amelishwa kijicho. Na wako waliomnong'oneza mumewe kuwa mke akaaye dukani mchana kutwa hajulikani hunywa nini.

Basi tukaona yatupasa kulisoma jambo hili vizuri, tukawauliza wenye elimu yake, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KWANZA: INI NI NINI, NA MAFUTA HUINGIAJE?

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Ni mfano wa bohari ya nyumba: chakula kikishasagwa tumboni hupitia kwake, naye hukipima, hukigawa, na cha ziada hukiweka akiba. Ini salama huwa na mafuta machache sana. Mafuta yakizidi sehemu 5 katika 100, matabibu husema ini hilo lina mafuta.

Wengi wetu hudhani mafuta ya ini hutokana na kula mafuta peke yake. Dhana hii ina upungufu. Katika mwili kuna kitu kiitwacho insulini, kitokacho katika kongosho, ambacho kazi yake ni kuifungulia sukari ya damu milango ya mwili ili iingie itumike. Mtu akinenepa, khasa akinenepa tumbo, milango hiyo huwa mizito kufunguka. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi, na wingi huo wa insulini huliamrisha ini kuigeuza sukari kuwa mafuta. Wakati huo huo mafuta yaliyoko tumboni huyeyuka yakaingia katika damu, na damu huyapeleka ini. Hivyo ini huletewa mafuta kwa mlango mmoja, na kwa mlango wa pili hujitengenezea mengine.

Na sukari tutumiayo katika chai ina siri yake. Nusu yake ni ya namna ambayo mzigo wake mkubwa hubebwa na ini, si na viungo vingine. Ndiyo maana mtu aweza kuwa hali nyama ya mafuta, na ini lake likajaa mafuta kwa sababu ya chai, soda na maandazi.

PILI: KWA NINI WANAWAKE WA MAKAMO?

Mwanamke katika ujana wake ana kinga fulani. Homoni ya kike huyapeleka mafuta nyongani na mapajani, ambako madhara yake ni machache. Hedhi ikikaribia kukoma, na baada ya kukoma, homoni ile hupungua na mafuta huhamia tumboni. Tena umri huo ndio umri wa kukaa: watoto wamekua, kazi za nyumbani zimepata wasaidizi, na ajaye kuzuru huletewa sinia. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2022, ilionekana kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 mpaka 49, wanawake 45 uzito wao umepita kiasi. Na ulimwenguni kote wataalamu hukadiria kuwa karibu watu wazima 30 katika kila 100 wana mafuta katika ini. Basi dada yetu wa Kegonga si peke yake, wala hili si ajabu iliyomshukia yeye tu.

Nasi watu wa pwani tuna kosa letu la tangu zamani. Twausifu unene wa mwanamke kuwa ndio dalili ya kutunzwa, na akikonda twamwuliza mumewe kama humpa chakula. Kipimo hiki si cha haki. Matabibu huutazama mzunguko wa kiuno: mwanamke kikipita sentimita 80, huambiwa ajihadhari. Kamba ya fundi wa nguo yatosha kwa kipimo hiki.

TATU: JE, NI DALILI YA ULEVI?

Hapana. Ni kweli kuwa pombe huliharibu ini, na mlevi aweza kupata mafuta ya ini. Lakini kila mlevi kuweza kupata mafuta ya ini hakumfanyi kila mwenye mafuta ya ini kuwa mlevi. Kama vile kila moshi wa uvumba ni moshi, lakini si kila moshi ni wa uvumba.

Mwaka 1980 tabibu aitwaye Jürgen Ludwig, pamoja na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, aliandika khabari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalipotazamwa kwa hadubini yalikuwa na alama zile zile zijulikanazo kwa walevi, na hali wao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na wanawake ndio waliokuwa wengi. Tangu hapo ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa mafuta ya ini usiotokana na pombe. Na mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini wa Ulaya na wa Amerika, ya kaskazini na ya kusini, vilikubaliana kulibadili hata jina hilo, kwa kuwa kulitaja neno la pombe katika jina kulikuwa kukiwatia wagonjwa aibu. Sasa huuita kwa jina lenye kuonyesha sababu yake, yaani mafuta ya ini yatokanayo na mwili kushindwa kuitumia sukari na mafuta kwa njia yake sawa.

Tazameni, ndugu zetu: matabibu wasio Waislamu wameona haya kumvunjia mgonjwa heshima kwa jina tu, wakalibadilisha. Na sisi, ambao tumekatazwa dhana mbaya na kusengenyana katika Sura ya Hujurat, tumemvunjia dada yetu heshima kwa jambo tusilolijua, kisha tukaenda kusali!

NNE: KHATARI YAKE

Asidhani mtu kuwa tukiuondoa ulevi tumeuondoa ugonjwa. Mafuta ya ini aghlabu hayana maumivu, na ndiyo khatari yake. Kwa watu wengi hubaki mafuta tu. Kwa wengine ini huanza kuvimba, kisha hufanya makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kuwa gumu. Na ini likifika hapo laweza kujaza tumbo maji, au kufanya saratani. Tena mtu huyu huandamwa na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Na maradhi ya moyo ndiyo yanayowaua wengi wao, kabla ini halijawaua.

Wala asidhani mtu kuwa kila ugonjwa wa ini katika nchi zetu ni wa mafuta. Iko homa ya ini aina ya B, ambayo hupimwa kwa damu na ina chanjo. Na iko sumu ya ukungu wa mahindi: mwaka 2004, khasa katika nchi ya Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Kwa hivyo aliyeambiwa ini lake lina kasoro na apimwe kwa ukamilifu, damu na picha, asijikatie shauri kwa kukisia. Na ajihadhari na wauzao chupa za dawa za "kuosha ini". Ini halioshwi kwa chupa, na katika mitishamba isiyojulikana imo ambayo yenyewe huliunguza ini.

TANO: CHAKULA CHETU

Tulimwomba dada yetu atuhesabie chakula chake cha siku moja. Asubuhi chai ya maziwa na mahamri manne. Saa nne chai nyingine. Adhuhuri wali wa nazi na nyama, na soda moja. Alasiri chai na viazi vya karai. Usiku chapati na mchuzi, na chai ya mwisho. Kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Tukahesabu pamoja: vikombe vinne ni vijiko 12; na chupa moja ya soda ya mililita 300 aghlabu huwa na gramu 30 au zaidi kidogo, ambazo ni kama vijiko 8. Jumla vijiko 20, yaani gramu 80 kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni kilo 29. Mumewe, ambaye ni mtu wa mizani, alishtuka, akasema: "Hilo ni zaidi ya nusu ya gunia la kilo 50!" Na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2015 lilinasihi kuwa kilicho bora ni mtu asipite kama vijiko 6 kwa siku.

Na ajabu ni kuwa majirani zake Wakuria walikuwa na chakula kilicho bora kuliko chake mlangoni pake: ugali wa wimbi, mboga za majani, maharagwe, na dagaa waletwao kutoka ziwani upande wa Homa Bay. Wanawake wa huko wengi huamka na jembe, na hubeba maji na kuni. Yeye, kwa kujiona mtu wa duka, alikiona chakula hicho kuwa ni cha shamba. Lakini nao wenyeji tumewanasihi, kwani mkate mweupe na soda vimekwisha kufika hata kwao, na asiyejihadhari atarithi maradhi ya mjini bila ya kuuona mji.

Basi haya ndiyo mashauri, tumeyapanga ili yashikike:

1. Soda na maji ya matunda yenye sukari yaachwe kabisa. Tunda liliwe zima, lisikamuliwe. Sukari ya chai ipunguzwe kijiko baada ya kijiko; ulimi huzoea katika majuma machache.

2. Sahani igawanywe: nusu yake mboga, robo samaki, kuku au kunde, na robo ya mwisho wali, ugali au muhogo. Sisi aghlabu tumeigeuza, wali ukawa ndio sahani na mboga ikawa pambo.

3. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Mafuta ya kuganda na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yaepukwe. Tui zito la nazi liwe la siku moja moja, si la kila siku.

4. Mbaazi, kunde, choroko, mchicha na samaki wa kuchoma au wa kupaka kwa tui jepesi ni vyakula vyetu wenyewe. Hakuna haja ya kununua chakula cha kigeni.

5. Kahawa ya buni isiyo sukari haina neno. Wataalamu wameona kuwa wanywao kahawa maini yao hupata makovu machache. Lakini kahawa hiyo isisindikizwe na sahani ya halwa!

6. Mwili utembezwe dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Wanawake wawili watatu waweza kutoka pamoja baada ya Alfajiri, katika stara yao. Mume amkatazaye mkewe nusu saa ya kutembea, kisha akamlipia hospitali siku nzima, hakufanya hesabu nzuri.

Ama kiasi cha kupungua, kipimo chake kinajulikana. Mwenye kupunguza sehemu 5 katika 100 za uzito wake, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikia 7 mpaka 10, uvimbe wa ini hupoa. Na akipita 10, hata makovu yaweza kupungua. Kwa dada yetu wa kilo 96, sehemu 5 ni kama kilo 5, na sehemu 10 ni kilo 9 na nusu hivi. Wala asifanye haraka: nusu kilo au kilo moja kwa juma yatosha, kwani kujinyima kwa ghafula huleta vijiwe vya nyongo na kwaweza kulidhuru ini lenyewe. Ziko dawa mpya pia. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu ya kwanza iliyofanywa khasa kwa ugonjwa huu. Lakini dawa hizo ni kwa wale ambao ini lao limekwisha fanya makovu, na hata wao huamrishwa chakula na mwendo.

SITA: DINI YETU NA TUMBO

Haya yote twayasoma kwa matabibu leo, na hali sisi tulikwisha kuambiwa. Katika Sura ya Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tukakatazwa kupita kiasi. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa tumbo ni chombo kibaya kujazwa, na akiwa mtu hana budi, basi aligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Sisi tumeyafanya mafungu yote matatu kuwa ya biriani, na pumzi tukaitafuta kwa kuegemea mto.

Itazameni Ramadhani yetu. Mwezi wa kupunguza tumeufanya wa kuzidisha: kaimati za shira, vibibi, sambusa, viazi, kisha wali, kisha daku. Mtu huufunga mchana akaufidia usiku, akatoka katika mwezi mzito kuliko alivyoingia. Mwenye ini la mafuta na afuturu kwa tende chache na maji, kisha mchuzi na mboga, na wali kidogo. Na ambaye ana kisukari na hutumia dawa, asifunge kabla ya kushauriana na tabibu wake juu ya saa na kiasi cha dawa. Kwani dini haikumkalifisha mtu kujiangamiza.

KHATIMA YA KISA

Tulipomaliza kuyaeleza haya, mume yule alisema mbele yetu: "Mke wangu, niwie radhi. Nilinyamaza nilipopaswa kusema." Na yeye alijibu: "Nimekuwia radhi, lakini walionisema hawakunyamaza." Neno hili lilituchoma.

Baada ya miezi saba tumepata khabari zao. Soda imetoka katika nyumba ile. Mama hutembea kila asubuhi na jirani zake wawili wa Kikuria, na uzito wake ni kilo 88. Amepimwa tena: mafuta bado yapo, lakini yamepungua, na vipimo vya damu vimeshuka. Tabibu amemwambia aendelee, wala asidhani kuwa safari imekwisha. Na mumewe naye amepunguza, kwani chakula ni cha sufuria moja, na haifai mke kupikiwa dawa na mume kupikiwa maradhi.

Limebaki deni moja, nalo si la ini. Wale waliosema kuwa dada yetu ni mlevi wanamjua waliyemwambia, na waliyemwambia yupo. Toba ya maneno kama haya haimaliziki kwenye mswala peke yake, yampasa mtu arudi pale pale alipolitupa neno, alizoe, aseme: "Nilikosea." Twamwomba kila atakayelisoma somo hili, akiwa na neno kama hilo aliloliacha katika baraza yoyote, ya Kegonga au ya Mombasa, alifuate kabla ya kufuatwa nalo.

Wabillahi tawfiq.